Masikio ya Benaco: "Maria Salome" ya Saida Karoli na Swali la Wimbo Usiotarajiwa

Albamu ya Saida Karoli iitwayo Maria Salome ilitoka mwaka 2001. Mwimbaji alikuwa mwanamke wa Bukoba, mpiga ngoma, aliyeimba kwa Kihaya. Hakuna hata moja kati ya sifa hizo iliyokuwa ikimfungulia msanii mlango wa redio za Dar es Salaam wakati huo. Muziki wa kizazi kipya ulikuwa umekwisha kujipatia sauti yake, na sauti hiyo ilikuwa Kiswahili cha mjini. Mwaka huohuo Profesa Jay alitoa Machozi, Jasho na Damu, kazi ambayo nguvu yake yote imo katika maneno yanayofuatwa neno kwa neno na msikilizaji. Hata hivyo, wimbo uliobeba jina la albamu ya Saida Karoli ulienea nchini kote, ukavuka mpaka na kuvuma Uganda, na baada ya miaka 15 ukarudi tena kwa sura nyingine na kuwa wimbo mkubwa kwa mara ya pili.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu tukio hili ni mafupi: wimbo ulivuma bila kutarajiwa, kwa kuwa watu waliupenda ingawa hawakuuelewa. Maelezo hayo yana sehemu mbili, na zote mbili zinastahili kutiliwa shaka. Sehemu ya kwanza inadai kwamba haukutarajiwa. Ya pili inadai kwamba haukueleweka. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba madai yote mawili ni kweli kwa msikilizaji wa Dar es Salaam tu, na kwamba uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa kuyachukua kama ukweli wa nchi nzima, umekosa kuusikia wimbo wenyewe.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 pale Konstanz, aliweka dhana ya upeo wa matarajio katikati ya historia ya fasihi: kazi hupokelewa na watu ambao tayari wana mazoea, kanuni na kumbukumbu za kazi nyingine, na thamani yake huonekana katika umbali kati ya kazi hiyo na mazoea hayo. Dhana hii imetumika sana katika tasnifu za Kiswahili, mara nyingi kwa namna ya kuinukuu katika sura ya pili na kuisahau katika sura ya nne. Tatizo lake kwa Tanzania ni dogo kulitaja na kubwa kulitatua. Jauss alikuwa akifikiria wasomaji wanaoshiriki lugha moja. Katika nchi yenye lugha zaidi ya mia moja, upeo wa matarajio haupo mmoja, na kusema kwamba wimbo "haukutarajiwa" bila kusema haukutarajiwa na nani ni kuacha sentensi bila mtendwa.

Ili kulionyesha jambo hilo inafaa kuhamisha mahali pa kusikilizia, kutoka studio za jijini hadi Benaco. Benaco ipo wilayani Ngara, kando ya barabara itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Jina lenyewe si la Kihangaza wala la Kiswahili. Ni la kampuni ya ujenzi ya Italia iliyofanya kazi ya barabara katika eneo hilo, likabaki baada ya kampuni kuondoka. Dunia ililijua jina hilo mwishoni mwa Aprili 1994, pale takribani Wanyarwanda 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla ya kupata choo. Wanyarwanda hao walirudishwa kwao Desemba 1996. Wakati wimbo wa Saida Karoli unatoka, wilaya ya Ngara ilikuwa bado na kambi ya Lukole iliyojaa Warundi, na Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, ilikuwa ikitangaza kutoka Ngara. Malori ya mizigo ya Rwanda yalipita na kulala palepale.

Benaco haitumiki hapa kama sampuli ya watu waliohojiwa. Inatumika kama mahali pa kusimama, kwa maana ile ambayo Wolfgang Iser alimzungumzia msomaji aliyedokezwa na matini. Swali ni hili: wimbo wa Kihaya unapopigwa mahali penye Wahangaza, Wasubi, Wahaya waliohamia kwa biashara, Warundi wa kambini na madereva kutoka pwani, unadokeza msikilizaji wa aina gani?

Hapa ramani ya lugha ina la kusema kuliko nadharia. Wanaisimu huiweka Kihaya pamoja na Kinyambo, Kizinza na Kikerewe kwa upande wa Tanzania, na Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro kwa upande wa Uganda. Henry Muzale, katika tasnifu yake ya mwaka 1998, aliliita kundi hilo Rutara na kuchunguza njeo zake. Kihangaza na Kisubi, lugha za Ngara na sehemu ya Biharamulo, zimo katika kundi jingine, lile la Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Makundi haya mawili ni majirani, na ujirani huo unasikika. Mhaya husema omuntu, Mrundi husema umuntu. Omwana wa huku ni umwana wa kule. Tofauti ni irabu ya mwanzo, na sikio huizoea kwa siku mbili. Lakini yapo maneno ambayo njia zake zimeachana kabisa. Kitenzi cha kupenda ni mfano mzuri: Kihaya kina -gonza, Kirundi kina -kunda. Kwa hiyo msikilizaji wa Ngara anayesikiliza wimbo wa Kihaya husikia watu, watoto na vitu vya nyumbani kwa wepesi, kisha hufika penye moyo wa jambo na kukuta mlango umeegeshwa.

Hali hiyo si ya kuelewa wala ya kutoelewa. Ni ya kuelewa kwa viwango, na ndiyo hali ya kawaida ya kusikiliza nyimbo katika eneo lote la Maziwa Makuu. Mtu wa Mbarara huko Uganda yuko karibu na Kihaya kuliko mtu wa Ngara, ingawa wa pili ni wa mkoa uleule wa Kagera. Mtu wa Karagwe anayezungumza Kinyambo yuko karibu zaidi. Mtu wa Kigoma anayezungumza Kiha yuko pamoja na yule wa Ngara. Ukichora duara kuanzia Bukoba, uelewa unapungua polepole kadiri unavyokwenda kusini na mashariki, hadi unapofika Dar es Salaam ambako ni hafifu sana. Maelezo ya "watu hawakuuelewa" yameandikwa kwenye ukingo wa duara hilo, kisha yakasomwa kana kwamba ni maelezo ya kitovu.

Kuvuma kwa wimbo huo Uganda kunapata maelezo hapohapo. Upande wa pili wa Mutukula redio zilikuwa zimekwisha kuzoea kutangaza kwa lugha za jamii; CBS ya Kampala ilianza kutangaza kwa Kiganda mwaka 1996. Tanzania, baada ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, ilibaki na kanuni ya Kiswahili na Kiingereza. Kanuni hiyo ina sababu zake za kisiasa na si kazi ya uhakiki huu kuzipinga. Ila matokeo yake ni kwamba wimbo wa Kihaya uliopigwa na mtangazaji wa Kitanzania ulifika ukiwa umefungwa ndani ya maelezo ya Kiswahili, kama mgeni anayeombewa radhi, ilhali wimbo huohuo, ng'ambo ya mpaka, ulifika kama jirani mwenye lafudhi.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jinsi masikio ya Kiswahili yalivyoushughulikia wimbo huu ni jina. Wimbo unaitwa "Maria Salome". Watu wengi nchini Tanzania wanaujua kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Jina hili la pili limetokana na kiitikio, mahali ambapo Kiswahili kinaingia katikati ya Kihaya. Wanaisimujamii wataliita jambo hilo kuchanganya msimbo na kuendelea na safari. Kihakiki, kuna zaidi. Maneno matatu yamefanya kazi ya mpini: hadhira isiyoweza kuukamata wimbo mzima iliukamata hapo.

Na mpini wenyewe ni wa ajabu kidogo. Kwa Kiswahili cha jikoni, karanga humenywa au hubanguliwa. Kinachochambuliwa ni mboga, mchele, maharage, pamba. Kuchambua ni kutenga kizuri na kibaya, jani na ukoka, punje na jiwe. Karanga huchambuliwa pia, lakini baada ya kumenywa, pale zilizooza zinapotolewa kabla ya kukaanga. Msikilizaji wa Kiswahili anayesikia kitenzi hicho na tunda hilo pamoja anapata picha isiyotulia: ni kuvua ganda, au ni kuteua? Vidole vinafanya kazi ndogo, ya subira, ya kurudiarudia, na kila mtu anaweza kuweka jambo lake hapo. Wengi waliweka mapenzi. Maana nyingine ya kitenzi hicho, ile ya kueleza jambo kwa undani, ndiyo iliyotupatia neno uchambuzi, na kwa hiyo kuna kejeli kidogo katika ukweli kwamba kiitikio kilichohimiza kuchambua kimebaki kikiimbwa zaidi kuliko kuchambuliwa.

Kwa msikilizaji wa Benaco mpini huo una uzito tofauti. Kiswahili kwake ni lugha ya barabarani: ya shule, ya soko, ya askari wa mpakani, ya dereva anayeuliza njia. Kihaya ni lugha ya Bukoba, makao makuu ya mkoa. Kihangaza ni lugha ya nyumbani. Wimbo unaopita kutoka Kihaya kwenda Kiswahili na kurudi haumshangazi hata kidogo, kwa sababu ndivyo siku yake inavyokwenda. Kile ambacho jijini kilisikika kama mwanga mdogo katikati ya giza, huku kinasikika kama mtu aliyebadili lugha kwa kuwa mgeni amekaribia. Inawezekana kabisa kwamba kwake sehemu ya Kiswahili ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Lugha peke yake haitoshi kueleza kilichotokea. Ipo sauti na ipo ngoma. Muziki wa Wahaya uliochunguzwa kwa kina zaidi na wataalamu ni ule wa enanga, ala ya nyuzi inayosindikiza tendi, M. M. Mulokozi aliuandikia tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na kazi hiyo ilikuwa hoja nzito dhidi ya waliodai kwamba Afrika haina tendi. Katika utamaduni huo manju hukaa, huimba matendo ya mashujaa na wafalme, na hadhira humsikiliza. Saida Karoli hakuingia kwa mlango huo. Aliingia na ngoma, akiwa amesimama, na jina la mwanamke likiitwa na mwanamke mwenzake. Umbo lake ni la kupokezana: kiongozi anaita, waitikiaji wanarudisha, pigo halikatiki. Umbo hilo halihitaji tafsiri kwa mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi kati ya Bukoba na Kibondo. Sauti ya juu, inayovutwa mwishoni mwa mshororo na kuachwa ianguke, ndiyo inayobeba hisia ambayo -gonza na -kunda zimeshindwa kuikabidhiana.

Ni vyema kulinganisha na mifano ya mbali, kwa kuwa nyimbo zilizopuuzwa na kuvuma baadaye zinapatikana kwingi na hazifanani. Bendi ya roki ya Marekani iitwayo Pavement ilirekodi "Harness Your Hopes" na kuuacha nje ya albamu. Ulitoka mwaka 1999 kama wimbo wa nyongeza tu, na baada ya bendi kuvunjika ukawa wimbo wao unaosikilizwa zaidi kwenye Spotify, jambo lililohusishwa na mtambo wa kuchagua nyimbo zinazofuata. Hapo aliyepuuza ni bendi yenyewe na aliyeokoa ni mashine. Mfano wa Sixto Rodriguez wa Detroit unakaribia zaidi: albamu yake Cold Fact ya mwaka 1970 haikununuliwa Marekani, ila Afrika Kusini ilimfanya mwimbaji wa kizazi kizima, na Marekani ilikuja kuijua habari hiyo kwa filamu ya mwaka 2012. Miaka yote hiyo wimbo wa Rodriguez haukuwa "umepuuzwa" Johannesburg. Nyumbani Afrika Mashariki, "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms inaonyesha njia iliyo kinyume: Kiswahili kilirahisishwa hadi kikawa salamu, ili mgeni wa hotelini Mombasa asihitaji kuelewa zaidi ya hapo. Saida Karoli hakurahisisha kitu. Wimbo wake ulimwacha mgeni asogee mwenyewe.

Septemba 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa "Salome", wimbo uliojengwa waziwazi juu ya ule wa mwaka 2001. Mahadhi ya kiitikio yamo, jina limo, karanga zimo. Beti ni za Kiswahili. Ngoma imepokewa na mapigo ya kompyuta. Lingekuwa kosa kuulaani wimbo huo. Ni wimbo wa kuchezea uliotengenezwa kwa ustadi, na uliwarudishia vijana waliozaliwa miaka ya kutoka kwa albamu ile jina la mwanamke ambaye redio zilikuwa zimeacha kumpiga. Uhakiki unaoishia kwenye malalamiko ya asili na uasilia hauna faida hapa.

Lakini yapo mabadiliko mawili yanayohitaji kutajwa bila kumung'unya maneno. La kwanza ni la anayeita. Katika wimbo wa awali sauti ya kike inaita jina la kike, na uhusiano kati ya sauti na jina unabaki wazi; Salome aweza kuwa mwenza, mfano, binti wa jirani, au mwimbaji mwenyewe akijiita kwa jina jingine. Katika wimbo wa 2016 wanaoita ni wanaume wawili, na Salome amekuwa kitu kimoja tu, mwili unaotamaniwa. Nafasi zote nyingine zimefungwa. La pili linahusu uelewa. Toleo jipya limetatua "tatizo" la lugha kwa kuliondoa. Msikilizaji wa Dar es Salaam sasa anaelewa kila kitu, na msikilizaji wa Mbarara, aliyekuwa wa pili kwa ukaribu, amesukumwa hadi ukingoni. Msikilizaji wa Benaco anaelewa zaidi ya alivyoelewa mwaka 2001, ila anaelewa kwa lugha ya barabarani. Duara limegeuzwa; kitovu chake kimehamia pwani.

Hapo ndipo suala hili linapowahusu wanaofundisha na kutahini fasihi ya Kiswahili. Kwa ufafanuzi uliozoeleka, fasihi ya Kiswahili ni ile iliyotungwa kwa Kiswahili. Kwa kigezo hicho, "Salome" ya mwaka 2016 inaingia darasani na "Maria Salome" ya mwaka 2001 inabaki mlangoni, ingawa ya kwanza haipo bila ya pili, na ingawa waliouimba wimbo wa 2001 kwa moyo walikuwa, kwa idadi kubwa, wazungumzaji wa Kiswahili. Mwanafunzi anayeandika kuhusu "Salome" ataeleza taswira, takriri na tashibiha ya karanga kana kwamba zilizaliwa hapo. Ataijadili tashibiha hiyo kwa vigezo vya Kiswahili sanifu, ataiona ina kasoro au ina ubunifu, na hatajua kwamba ilikuwa neno la mgeni aliyekaribishwa katika nyumba ya Kihaya.

Anayetaka kukwepa kosa hilo hahitaji nadharia mpya. Anahitaji mambo ya kawaida ambayo tasnifu nyingi huyaruka: matini kamili ya Kihaya iliyonukuliliwa na mzungumzaji wa lugha hiyo, tafsiri sisisi chini yake, na alama ya mahali kila lugha inapoanza na kuisha. Anahitaji pia kuuita wimbo kwa jina lake. Katalogi inayouorodhesha kama "Chambua Kama Karanga" imeshaamua, kabla ya mtafiti kufungua faili, kwamba sikio lenye haki ni lile lililokamata maneno matatu. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo maktabani. Kuiweka kando ya wimbo wowote wa mikoani ni kazi ya alasiri moja, na hubadili maswali yanayoulizwa. Swali la "kwa nini waliupenda bila kuuelewa" hugeuka kuwa "nani alielewa nini, kutoka wapi," na swali hilo la pili lina majibu yanayoweza kuchunguzwa.

Mwaka 2017, baada ya jina lake kurudi midomoni mwa watu kwa sauti za wengine, Saida Karoli alirudi na "Orugambo". Neno hilo ni la Kihaya, kutokana na kitenzi cha kusema, na lina maana ya maneno ya watu, umbeya. Kwa Mnyankore halihitaji kufafanuliwa. Kwa Mrundi, ambaye kusema kwake ni kuvuga, ni neno la kuulizia kwa jirani. Safari hii wimbo haukupata jina la pili la Kiswahili. Watangazaji walilitamka kama lilivyo, wengine kwa kuikazia ile o ya mwanzo kupita kiasi.